Jina Nililoliacha Ukutani

Kama unatafuta hadithi ya kubembelezea usingizi, weka hii pembeni. Haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa nimeshiba na sijagusa hata tone la uraka, pombe yetu ya mabibo. Wapo waliosema niliota. Wapo waliosema nilipigwa na jua la ugenini, na hao huwa nawacheka, maana siku hiyo jua halikuonekana tangu asubuhi. Mwenye kuamini aamini. Asiyeamini aje Newala alfajiri, asimame uani kwa mama yangu, ajionee anavyonisalimia.

Jina langu silitaji. Ukifika mwisho utanielewa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kiwanda chetu cha kubangulia korosho kilikuwa kimefungwa, popo wamehamia kwenye mashine, na malori ya wanunuzi binafsi yanashindana barabara ya Masasi. Mimi nilikuwa mpima ubora pale kiwandani. Kilipofungwa nilikaa nyumbani nikihesabu mikorosho ya watu, mpaka mnunuzi mmoja mwenye ghala Masasi akanichukua. Kazi ilikuwa ileile: unachoma gunia kwa bambo, unatoa korosho chache, unazipasua kwa kisu, unasema hii nyeupe, hii ina madoa, hii ganda tupu. Sijawahi kukosea gunia. Nasema kwa majivuno, na uniache nijivune, maana sina kingine.

Msimu ule tajiri wangu alipeleka mzigo Bara Hindi, mji wa Kochi, korosho ghafi zikabanguliwe huko. Wenye kiwanda wakaandika kwamba mzigo umeloa. Nani aliyeupima? Mimi. Uliloa? Haukuloa. Tajiri akaniambia, "Basi nenda ukawaoneshe mwenyewe." Nilisoma sekondari ya Chidya, kwa hiyo Kiingereza cha kuombea maji ninacho. Nikashona suruali mbili nikajiandaa.

Mama hakuipenda safari hiyo. Mama yangu ni Mmakonde wa zamani, mwenye chale za nembo kuanzia kipaji cha uso mpaka kidevuni, na ni mtu wa mzaha kupita kiasi. Atamtania muuza maji, atamtania shehe, atakutania na wewe kabla hujaketi. Lakini bahari hakuitania. Kwetu ukoo hufuata upande wa mama, na ukoo wetu una mtu wake aliyepotea. Mjomba wa zamani sana, hata bibi wa bibi yake mama hakumkuta, aliteremka bonde la Ruvuma kuteka maji, akakamatwa, akauzwa kwa Wareno, akavushwa bahari. Huku kwetu mtu akifa jina lake hurithiwa na mtoto, na kwa hivyo haishi kuitwa. La mjomba huyo halikurithiwa na yeyote. Hakuna aliyemzika, na utarithije jina la mtu usiyejua kama amekufa? Lilitunzwa na wanawake wa ukoo, bibi akimnong'oneza mjukuu wa kike. Sisi wanaume hatukuambiwa. Mimi nilikuwa sijawahi kulisikia.

"Ukoo huu ulishatoa mmoja," mama alisema. "Wa pili mimi sina."

Ni kweli hakuwa na wa pili. Tulizaliwa wawili, mimi na dada yangu, Mama Salima, na mwana wa kiume ni mimi peke yangu. Nikamwambia ni wiki tatu tu, nitarudi kabla mikorosho haijachanua. Nikainama. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nenda. Lakini urudi mzima, usiache kitu chako huko."

Nilicheka. Nilidhani anasema habari ya suruali.

Kuna jambo moja zaidi lazima ulijue, la sivyo hutaliona kosa langu. Mvulana wa Kimakonde akipelekwa likumbi, yaani kambi ya jando huko porini, anaingia na jina alilopewa na mama yake na anatoka na jina jipya. Lile la kwanza linabaki hukohuko, na kibanda cha likumbi kinachomwa moto. Tangu siku hiyo ukimwita mwanamume kwa jina la utotoni umemtukana, na hata mama mzazi haruhusiwi kulitamka. Kwangu mimi jina lile lilikuwa kitu kilichokwisha kuungua. Sikulifikiria tena.

Basi nikaenda, ndege mpaka Bombei, kisha garimoshi siku mbili kasoro. Kochi nikaikuta mvuani. Kiwandani nilikuta akina mama wamechuchumaa mistari kwa mistari, wanagonga korosho, vidole vimekuwa vyeusi kwa mafuta ya ganda kama vidole vya mama zetu. Nilisimama pale nikasahau kilichonileta. Kisha nikachoma magunia yangu kwa bambo, nikapasua, nikawapangia mezani. Kavu. Wakubwa wakatazamana, wakasaini karatasi, yakaisha. Garimoshi langu lilikuwa kesho yake, na kwa kuwa walikuwa na aibu kidogo wakampa karani mmoja kazi ya kunitembeza mji wa kale.

Karani huyo aliitwa Kurian, Mkristo, mtu mpole mwenye mwavuli mkubwa. Alinionesha nyavu za Kichina zinazoteremshwa majini kwa magogo na mawe. Alinionesha kanisa walilojenga Wareno, na makaburi ya Waholanzi yaliyofungwa kwa kufuli kana kwamba maiti watatoroka, na majumba waliyoyaacha Waingereza. Maghala ya tangawizi na pilipili manga yalinifanya nipige chafya mtaa mzima. Kila Mzungu alipita pale na kila mmoja aliacha kuta. Nilimwambia hata sisi tunalo boma la Wajerumani pale ukingoni Newala, watu wanalipita kila siku hawaligeuzii macho. Akacheka. Akaniambia hata hii korosho Wareno ndio walioileta, kwao na kwetu. Sikujua hilo, na halikunifurahisha.

Ndipo tukafika kwenye kichochoro, nyuma ya ghala kuukuu. Ulikuwa ukuta wa mawe mekundu uliopigwa chokaa zamani, na katikati kuna kidirisha kisichopenya. Ndani yake mtu kaweka mshumaa, yai la kuchemsha na sigara kubwa ya tumbaku isiyowashwa. Nikamuuliza Kurian hii ni nini.

Akaniambia kwamba Waholanzi walipokuja kuwafukuza Wareno, Wareno walikuwa na mali wasiyoweza kukimbia nayo. Wakaifukia kwenye kuta. Na ili ipate mlinzi, wakamuua mtumwa Mwafrika wakamjengea humohumo pamoja na mali. Ukuta huu una mmoja, alisema. Watu wa mtaa wanamheshimu, wanamwita babu, wanamletea yai na sigara, naye huwasaidia wakipotelewa na vitu.

"Ukisikia harufu ya sigara na mvutaji humwoni," Kurian akasema, "wewe pita. Usisimame, na akikusemesha usimjibu."

"Atanisemesha kwa lugha gani?" nikamuuliza kwa kejeli. Nilikuwa nimeudhika, sikufichi. Mtu anauawa ili alinde mali ya aliyemuua, halafu analipwa yai. Na mimi je, nilikuwa nafanya nini huko kama si kulinda magunia ya mwenzangu?

Kurian akaniambia nimsubiri kwenye baraza la duka pale kona, anaingia ofisi ya jirani kuchukua barua, dakika kumi. Akaenda na mwavuli wake. Mvua ikaongezeka mpaka ikawa inapiga baraza lote, nikarudi hatua chache kichochoroni, chini ya ukingo wa paa. Hatua chache tu, niamini. Kona niliiona.

Sasa wewe ambaye hujakaa Newala hutanielewa. Sisi tumekulia kwenye maji ya kununua. Mtoto wetu anajua kunawa uso kwa kikombe kimoja cha maji na yanayobaki kumwagia mche. Pale Kochi maji yalikuwa yanateremka kutoka mabatini kwa fujo, yanapiga mawe, yanakwenda zake mtaroni, hakuna hata sufuria moja iliyotegwa. Roho iliniuma kwelikweli. Nikawa nimesimama natazama maji yanavyopotea, na ndipo mtu akasema nyuma yangu, "Huku hawakingi."

Alisema kwa Chimakonde.

Nikageuka. Mtu alikuwa ameketi chini ya kile kidirisha, mgongo ameuegemeza ukutani, anavuta sigara ile. Mwanamume wa makamo, mweusi kama mimi, amejitanda kitu kama gunia. Usoni alikuwa na nembo, mistari ileile iliyovunjikavunjika kama ya mama yangu. Ungefanyaje ungekuwa wewe? Wiki nzima nimesema Kiingereza cha kubahatisha na kula wali kwa mchuzi wa nazi nisioujua. Nikasikia lugha ya kwetu. Maneno ya Kurian yalinitoka yote kichwani. Nikasema, "Ndiyo, babu, hawakingi. Shikamoo."

Hakuitika. Aliniuliza ukoo wa mama yangu. Na mimi nikamtajia, kwa sababu ndivyo tulivyofunzwa: mkubwa wa kwenu akikuuliza ukoo, unataja. Akafumba macho. Akasema, "Basi umekuja kwangu."

Ndipo nikayaona yale niliyopaswa kuyaona mwanzo. Mvua ilikuwa inampiga na hakuwa ameloa. Alikuwa mkavu, mwenye vumbi la chokaa kwenye nywele na kope. Na mgongo wake, sijui nikwambieje, haukuwa umeegemea ukuta. Hapakuwa na mahali mgongo ulipokoma na ukuta ukaanza.

Nilikimbia. Kona ilikuwa pale, nikaipinda, nikajikuta kwenye kichochoro chenye ukuta mwekundu na kidirisha chenye yai. Yeye ameketi anavuta. Nikageuka nikaenda upande wa pili, nikapinda mara mbili, tatu, nikapita milango iliyofungwa nikiigonga kwa ngumi, hakuna aliyefungua, nikatokea palepale. Nikajaribu akili. Nikasema maji lazima yaende baharini, nitafuata mtaro. Nikafuata mtaro nimeinama kama mtu aliyeangusha sindano, macho hayatoki kwenye maji. Mtaro ukateremka, ukapinda, ukateremka tena, na maji yakaingia chini ya ukuta mwekundu, kwenye miguu yake. Nikainua uso, naye ananitazama.

Nilimwita Kurian. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa nasikia kengele za baiskeli mtaani na mtu anauza samaki, karibu, kana kwamba ni nyuma ya pazia. Kuta za pande mbili zilikuwa zimesogeleana. Mwanzoni nilinyoosha mikono yote miwili sikuzigusa. Sasa viwiko vyangu vilikuwa vinapangusa chokaa kulia na kushoto. Niliogopa, ndugu yangu. Sijaogopa hivyo hata siku ya jando. Nilikuwa namuwaza mama, na ule ukoo uliokwisha kutoa mmoja.

"Usijichoshe," akasema. "Hata mimi nilikimbia."

Hakuwa na ukali. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, hakunitisha. Alizungumza taratibu, kama mtu anayepanga na jamaa yake habari za shamba. Alisema walipomweka mle walimwambia kila atakapoitwa aitike. Kwa hiyo huitwa, na huitika, na anayeitika hawezi kuondoka. Alisema anataka kwenda nyumbani akazikwe na watu wake. Mwili wake hautoki, hilo analijua, lakini jina linaweza kutoka likibebwa na mtu wa ukoo.

"Chukua langu, ulipeleke kwa mama yako," akasema. "Na mimi niachie moja, ili ukuta ukiita pawe na cha kuitikia. Ukishaniachia utaiona njia."

Nikamuuliza, "Lolote?"

"Lolote uliloitwa na watu wako."

Sasa sikiliza ujanja wangu. Mimi ni mtu wa magunia. Nimeshinda maisha yangu na watu wanaotaka kunipa ganda tupu niseme ni korosho. Nikajiambia, jina langu la jandoni silitoi, hilo ndilo nililooa nalo. Lakini ninalo lile lingine, la utotoni, lililoungua na kibanda. Haliitwi na mtu. Halina mwenyewe. Nitampa hilo, nitamwacha na ganda. Nikalitamka. Tangu nilipotoka likumbi sikuwahi kulitamka kwa kinywa changu, na liliponitoka ulimi ulikufa ganzi.

Yule mtu akaitoa sigara mdomoni. Kisha akaniuliza, "Nani alikupa hilo?"

"Mama."

"Basi linatosha," akasema, na machozi yakamtoka, yakachora mistari kwenye vumbi la chokaa. Akanipungia mkono nisogee, akaninong'oneza lake.

Hatua tatu. Nilipiga hatua tatu nikawa barabarani, mvua imepungua, baiskeli zinapita, Kurian anashuka ngazi za ofisi anafungua mwavuli. Aliniambia hakuchelewa hata hizo dakika kumi. Kisha akanitazama nguo. Nilikuwa mkavu, nina chokaa mabegani.

Nikamwambia nilijikinga chini ya paa. Sikusema zaidi. Unajua nilijisikiaje? Nilijisikia mshindi. Kwenye garimoshi, kwenye ndege, kwenye basi la kuja kusini, nilikuwa natabasamu peke yangu. Nimeponyoka kwa kutoa kitu kilichokwisha kuungua, na juu yake nimepata habari ya mjomba. Mama atafurahi, nilisema. Ukoo utafanya matanga, jina litapewa mtoto wa Mama Salima atakayefuata, mambo yatanyooka.

Nilifika Newala mikorosho haijachanua, kama nilivyoahidi. Mama alikuwa uani anapepeta mtama. Nikaweka mzigo chini nikainama. "Shikamoo mama."

Mama aliweka ungo. Alinitazama, akajifuta mikono, akaja mbele yangu akapiga magoti yote mawili mchangani, kichwa chini.

"Shikamoo, mjomba," akasema.

Nikacheka, nikijua ni mzaha wake. Nikamwambia ainuke, nina zawadi yake, kanga ya Kihindi. Hakuinuka. Akalitaja jina lile. Lilelile nililonong'onezwa kichochoroni, ambalo sikuwa nimemwambia mtu, wala mke wangu. Akasema, "Tumekungoja sana. Bibi zangu wote wamekufa wakikungoja."

Dada yangu alitoka ndani mbio. Yeye aliniona mimi, nduguye, wa siku zote, na alilijua lile jina kwa sababu ni mwanamke wa ukoo. Akasimama katikati yetu mikono kichwani. "Mama, huyu ni mwanao."

"Mwanangu yuko Bara Hindi," mama akajibu. Na akamtaja mwanawe. Hakutaja jina la jandoni, alitaja lile la kwanza, ambalo mwiko ulikuwa umemfunga mdomo miaka yote hiyo. "Hajarudi. Alisema atarudi kabla mikorosho haijachanua."

Pale ndipo nilipojua nilichotoa. Sisi wanaume tunasema jina lile limeungua. Nani aliwahi kumuuliza mama? Yeye hakuwahi kuzaa mtu mwenye jina la jandoni. Alizaa yule mwingine, akamnyonyesha, akamwita jioni aje kula, na alipokatazwa kumwita kwa sauti aliendelea kumwita moyoni. Hilo ndilo nililoliona ganda tupu. Mimi, mpima nisiyekosea gunia.

Tulihangaika. Wazee wa ukoo walimwaga unga wakaomba, wakamlilia mjomba, wakanyoa nywele. Shehe alisoma. Tulimpeleka Ndanda, hospitali ya misheni, wakampima kwa upole wakatuambia huenda ni uzee. Sigombani na madaktari. Lakini ni uzee gani huo unaomsahau mtu mmoja tu? Anamjua Salima na wadogo zake wote. Anamjua mke wangu, anamwita "mke wa mwanangu" na kumpa pole kwa kuachwa na mume ugenini. Anajua bei ya ndoo ya maji ilikuwa ngapi masika na ni ngapi kiangazi. Nikisema "mama" anacheka ule ucheko wake, ananiambia, "Mjomba, mimi nitakuzaaje wewe?"

Utasema nirudi Kochi nikalidai. Nilitaka. Tajiri wangu alishindwa na biashara, akafunga ghala Masasi akahama, na nani mwingine atampandisha ndege mpima korosho? Hata ningefika, ningelidai vipi? Jina lile silijui tena. Mama analitaja kila siku, dada yangu ameniandikia kwenye karatasi, nalisoma, na nikiinua macho limekwisha kunitoka. Wewe ungeniuliza sasa hivi nisingekuwa na la kukujibu. La mjomba si langu kulitoa, na la jandoni nimelifungia kinywani. Sidhani utanilaumu.

Nilimwandikia Kurian nikamweleza yote. Alijibu. Alisema amekwenda kuutazama ukuta ule, na kwamba siku hizi harufu ya sigara haisikiki pale. Watu wa mtaa wenyewe wameacha kuleta sigara. Sasa wanaleta maziwa, alisema, na hakuna anayejua nani alianza.

Ni miaka sasa. Silali mgongo ukiwa wazi, lazima nisukume kitanda mpaka ukutani. Mvua ikinyesha mama anatega vyombo uani, ndoo, sufuria, mpaka bakuli, kisha anasimama chini ya ukingo wa paa ametega sikio. Anasema mwanawe anamwita. Ananigeukia na kuniuliza, "Mjomba, wewe si ulitoka hukohuko. Hukumwona mwanangu?"

Namwambia nilimwona, ni mzima. Ungesema nini wewe?

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesafiri siku hizi za kusafiri. Tembea, tazama makanisa yao na makaburi yao. Lakini ukisikia lugha ya kwenu mahali isipostahili kuwepo, usiitikie, hata kama roho imekuuma kwa ukiwa. Ukiulizwa ukoo, nyamaza uonekane huna adabu. Na usitoe jina lako lolote kwa kudhani halina kazi. Huwezi kujua nani bado anakuita kwa hilo.

Kunapambazuka. Nasikia ufagio wa mama uani. Akimaliza atauweka chini, aje mlangoni kwangu apige magoti, aseme shikamoo. Nilijaribu zamani kutoitika. Hakuinuka, jua lilimkuta palepale, magoti yanatetemeka. Basi nitaitika marahaba, kama jana, ili mama yangu ainuke.